Mtaka cha Mawinguni

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Na mtaka cha mawinguni?
Nimemwona kwa macho yangu: naye huinama,
mgongo umepinda juu ya meza ya jikoni,
mkate wa kukaanga umepoa kando,
na nje mto Kuskokwim umeganda hata malori yanapita juu yake.

Agafia, binti wa kaka yangu, miaka kumi na saba,
anatafuta mtu wa kumlipia anga.

Saa moja ya kujifunza urubani, wanasema huko Bethel,
ni bei ya pipa zima la mafuta ya kupashia nyumba,
na pipa zima kwetu ni wiki tatu za kutotetemeka.
Zinatakiwa saa arobaini kwa uchache.
Kaka yangu alihesabu kwa vidole, vikaisha,
akavua soksi kwa mzaha, navyo vikaisha.
Akacheka. Kisha hakucheka.

Basi, fomu.
Ya kwanza yataka jina la mtaa na namba ya nyumba.
Sisi hatuna mitaa; tuna njia za mbao juu ya tope,
na nyumba ya bluu baada ya nyumba nyingine ya bluu.
Akaandika hivyo hivyo.
Ya pili yataka barua mbili za kumsifu
kutoka kwa watu wasio ndugu zake.
Tukawapitia mlango kwa mlango:
mwalimu wa hesabu, binamu;
mwenye duka, mume wa shangazi;
padri ndiye aliyembatiza, na mkewe ni dada wa bibi yake.
Kijiji cha watu mia tatu,
na hakuna mgeni hata mmoja
wa kusema kweli juu ya mtoto huyu.
Ya tatu yataka cheti cha daktari wa marubani,
na daktari yuko Anchorage.
Yaani ili upate karatasi ya kuruka, uruke kwanza.

Mimi ndiye mpokea ndege hapa. Hali ya hewa ikikubali
naendesha pikipiki ya theluji hadi uwanjani,
napakua nepi, betri, maziwa ya unga, barua.
Siku ile nikamwambia rubani wa posta, Dufresne,
mtu wa kusini, asiye ndugu wa yeyote:
"Andika."
Hakuuliza andika nini.
Amemwona tangu akiwa na miaka tisa,
kwenye baridi ya kukata masikio,
akifagia theluji juu ya bawa bila kutumwa.
Akaandika nyuma ya hati ya mizigo, injini ikiunguruma:
"Huyu husikiliza injini kabla ya kuizungumzia. Mpeni."
Barua ya pili aliiandika muuguzi wa zamu,
aliyekuja kwa wiki mbili na kukwama kwa tano.

Ikabaki insha. Maneno mia tano: Kwa nini unataka kuruka?
Ya kwanza aliifuta, ilikuwa na tai.
Ya pili aliifuta, ilikuwa na ndoto.
Ya tatu sikuombwa kuisoma, nikaisoma:

*Usiku ule bibi alipoumwa tumbo kulikuwa na ukungu.
Tulisimama uwanjani na tochi.
Tukaisikia ndege juu yetu ikizunguka,
mara moja, mara ya pili, mara ya tatu,
kisha sauti ikaelekea ilikotoka.
Simlaumu rubani.
Nataka kujua alichokijua.*

Hayakufika hata mia. Alikataa kuongeza.

Watatu wamejibu kwa adabu: hapana.
Wa nne, chama cha akina mama wa Fairbanks,
marubani wastaafu, kumi na mmoja waliobaki,
wametuma hundi ya saa sita
na jozi ya glavu zilizochakaa kiganjani.
Sita kati ya arobaini.
Kaka yangu amerudi kwenye vidole:
mkono mmoja, kisha kidole gumba cha pili.
Safari hii vimetosha.

Glavu zina vidole virefu kuliko vyake.
Anazivaa akijaza fomu ya tano,
kalamu inamponyoka,
anainama kuiokota.